Mashine ya Bisi kwenye Duka la Misumari

Kama uliwahi kuingia dukani kununua kilo ya misumari ukatoka na mfuko wa bisi mkononi, basi ulipita kwa Mzee Bawaba, na aliyekuuzia zile bisi ni Mama Bisi. Mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye vicheko viwili: kimoja cha wateja, kimoja cha kweli. Kile cha kweli kilimtoa machozi, na mara nyingi alikuwa anajicheka.

Usidhani aliangukia hapo kwa bahati. Miaka ishirini na miwili alipikia shule nzima, kwa masufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogea ndani yake. Siku aliyostaafu alisema hataki tena kuona chombo cha jikoni kinachoinuliwa na watu wawili. Akanunua mashine ya bisi: sanduku la vioo lenye paa jekundu na magurudumu, ndani yake kinaning'inia kisufuria cha chuma chenye mpini wa kukiinamisha. Bisi zikiiva zinafurika, zinadondoka, na aliyetumwa sokoni anasahau alichotumwa. Mashine nzuri, ila inakula umeme, na barabarani hakuna pa kuchomeka waya. Nyumbani kwake nako ni kichochoroni, ndani kabisa, hapiti mtu ila aliyepotea.

Ndipo akaanza kuzunguka madukani kuomba kona. Mwenye duka la dawa alikataa kwa adabu, akasema harufu ile itawashinda wagonjwa walioambiwa wameze dawa kabla ya kula. Mwenye duka la vitambaa alisikia neno mafuta tu, akaenda kusimama kati ya Mama Bisi na majora yake. Mwenye duka la simu alikubali haraka mno, kwa masharti ambayo Mama Bisi alisema hata mkwe hapewi. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikaa kwenye ngazi ya duka moja la vifaa vya ujenzi kupumzisha miguu, akawatazama mafundi waliokuwa wanasubiri kupakiwa mizigo yao. Wamesimama, midomo mikavu kwa vumbi, mikono haina kazi, matumbo yanalia. Akasema moyoni, kumbe nilikuwa nahangaika bure, watu wangu wako hapa.

Mwenye duka aliitwa Mzee Bawaba kwa sababu magoti yake yalilia kila alipoinuka. Hakukasirika kwa jina hilo, alisema ni kweli, bawaba zake zinataka mafuta. Mama Bisi alipomweleza shida yake, alikubali hata kabla hajamaliza, maana mzee yule alipenda watu dukani kuliko alivyopenda wanunuzi. Kaunta ndiyo ilikuwa baraza lake. Ukija kununua kitasa utatoka unajua nani kaoa, nani kahama, na paa la nani linavuja.

Lakini duka lilikuwa la watu wawili, yeye na dada yake. Mtaa mzima ulimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Mwembamba, miwani ina kamba shingoni, funguo zote kiunoni kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akikutazama unajikuta unakagua vifungo vyako. Yeye ndiye aliyetoa masharti. Mashine isikae karibu na rangi wala thina, isije ikatuunguza sote. Iwe na soketi yake peke yake. Ndoo ya mchanga pembeni na mtungi wa kuzimia moto ukutani. Chini zulia la mpira, na tone la mafuta likianguka lipigwe deki papo hapo. Mpini usishikwe na mtu mwingine yeyote. Mama Bisi alikubali yote bila kunung'unika, kwa kuwa aliyepika katika jiko la shule anaujua moto vizuri. Mwisho Dada Mkubwa akasema yaandikwe.

Basi yakaandikwa, nyuma ya kalenda ya zamani, Mzee Bawaba akitamka na Mama Bisi akiandika, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mambo yalikwenda sawa mpaka walipofika kwenye swali la itakuwaje mtu akiumia. Wakafikiri kidogo, wakaandika hivi: Chombo kikimdhuru mtu, mwenyewe atabeba lawama. Likasomwa kwa sauti, watatu wote wakaitikia kwa kichwa, wakatia sahihi.

Sasa lione neno lenyewe. Mama Bisi alisoma neno mwenyewe akaelewa ni mwenye duka, maana ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayejibu. Mzee Bawaba alisoma mwenyewe akaelewa ni mwenye chombo, mambo ya wazi. Naye Dada Mkubwa, aliyeshuhudia kwa macho yake wateja wakijiponda vidole kwa nyundo walizokuwa wanazijaribu dukani, aliona limeandikwa vizuri sana, kwamba aliyeumia ajilaumu mwenyewe. Watu wazima watatu, neno moja, na kila mmoja akaenda kwake anafurahi kwamba wenzake wamekubali kubeba. Kiswahili nacho kina vituko vyake.

Miaka miwili mambo yalinyooka. Wateja waliongezeka, na mzaha mkubwa wa duka ukawa bisibisi. Fundi mgeni akiingia akiomba bisibisi, Mama Bisi anamkabidhi mifuko miwili ya bisi, uso mkavu kabisa, na duka zima linaangua kicheko. Hata Dada Mkubwa aliwahi kuonekana akificha tabasamu nyuma ya risiti, ingawa ukimuuliza atakana.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa Kontrakta, mjenzi wa maghorofa, mtu wa tumbo la heshima aliyenunua saruji kwa lori. Wakati lori linapakiwa yeye husimama kando ya mashine na mfuko wake, akitia bisi mdomoni kwa konzi.

Ijumaa moja asubuhi Mzee Bawaba alilisukuma kwa kiwiko boksi la skrubu likaanguka kutoka kaunta, zikasambaa hadi chini ya mashine. Wakaziokota wote, wakicheka, magoti ya mzee yakilia. Saa tano Kontrakta akaja, akachukua mfuko wake, akatia konzi ya kwanza, na ya pili. Kwenye konzi ya tatu kukasikika kitu kikivunjika, na haikuwa bisi. Alijishika shavu, akatema kiganjani nusu ya gego lake na skrubu moja ndogo inayong'aa.

Kontrakta hakuwa mtu wa kupiga kelele, na heri angepiga. Aliitazama ile skrubu kwa muda mrefu, akaomba kiberiti, akamwaga njiti, akaiweka skrubu ndani ya kisanduku na kukitia mfukoni. Akasema anakwenda kwa daktari wa meno. Jumatatu atarudi, na akirudi wamwambie skrubu ni ya nani, kwa sababu si yake yeye.

Alipotoka, Dada Mkubwa alileta kalenda na kulisoma lile sharti. Loo, hapo ndipo mambo yalipojulikana. Mama Bisi alisema si mnaona, imeandikwa mwenyewe, na kidole kikamwelekea Mzee Bawaba. Mzee Bawaba alisema naam, mwenyewe, na kidole chake kikamwelekea Mama Bisi. Wakabaki hivyo, vidole vimepishana hewani. Dada Mkubwa alikohoa akasema kwamba yeye siku zote alijua ni Kontrakta. Wakatazamana, wakacheka wote watatu, kicheko kibaya cha watu waliogundua kwamba miaka miwili hawakuwa na mkataba wowote.

Dada Mkubwa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aliweka mambo wazi, kila mtu akasikia.

"Skrubu ikiwa ya mashine, mashine itoke siku hiyohiyo. Siwezi kukaa na mgeni anayevunja watu meno. Ikiwa ya kwetu," akamgeukia kaka yake, "wewe huwezi kaunta tena. Utakwenda stoo ya saruji, mimi nitakaa mbele."

Stoo ya saruji! Kifua cha Mzee Bawaba na vumbi la saruji vilikuwa havipatani. Nusu saa mle ndani, atakohoa hadi jioni. Na kumwondoa mzee yule kaunta ilikuwa kama kumwambia asiongee tena. Lakini hakubisha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna cha kuchunguza, boksi kalimwaga yeye, skrubu imeruka ikaingia kwenye bisi, kosa ni lake.

Na Mama Bisi? Tuseme ukweli hata kama unaaibisha. Moyo wake ulitulia. Alimwonea mzee huruma, ndiyo, tena huruma ya kweli, lakini chini ya ile huruma kulikuwa na sauti inayosema asante Mungu, si mimi. Jumamosi akaisukuma mashine kwenda nyumbani kuisafisha, na usiku akalala usingizi mzuri.

Jumapili mchana akaitoa uani, akavaa kanga yake ya kazi, akaanza kuifungua kipande kimoja kimoja. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, akimpa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama Bisi akakishusha kisufuria, akakitikisa amwage punje zilizobaki. Kimya. Akakitikisa tena. Kimya tu. Hapo akasita, kwa sababu wiki nzima iliyopita kisufuria kile kilikuwa kinalia. Kila alipokiinamisha, kililia kilikili kilikili, na yeye kila siku alijiambia ni punje ngumu zisizopasuka. Sasa hakikulia.

Akakigeuza juu chini. Kipande cha chuma kinachoshika mpini kilikuwa na matundu manne. Skrubu zilikuwa tatu.

Alikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Mumewe akaja kuangalia, akainama, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena kama vile ya nne itatokea. Halafu akarudi kwenye kigoda chake, akanywa chai kidogo.

"Skrubu haina jina, mama watoto," alisema. "Nani atajua?"

"Wewe si umeshajua?"

"Mimi mumeo. Nimeshasahau."

Akacheka, kile kicheko cha kweli, na katikati yake akakuta analia. Alikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake yeye. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuwa anafanya kazi katika duka linalouza saruji ya kuziba na matofali ya kujengea. Aliusikia ufa kwa masikio yake wiki nzima, na dawa yake ilikuwa kuzungusha mkono mara mbili tu! Miaka yote shuleni alikuwa anawafokea wasaidizi wake kwa kijiko kimoja kisichooshwa vizuri. Leo kavunja jino la mtu.

Kisha ikaja hofu. Alikumbuka milango yote aliyobisha. Akiondoka kwa Mzee Bawaba hana pa kwenda, mashine itarudi kichochoroni ifunikwe turubai, na yeye atarudi kuwa mwanamke wa nyumbani anayesubiri watoto wampigie simu. Alilipenda lile duka, jamani. Alipenda mafundi wanavyomwita mama kutoka mbali, alipenda hata harufu ya nondo zilizolowa mvua. Akinyamaza tu, hakuna atakayemuuliza. Halafu akamfikiria Mzee Bawaba mle stoo, amejifunga kitambaa puani, anakohoa peke yake, anajilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Akaikausha ile sehemu ya chuma, akaifunga kwenye taulo. Mumewe alimtazama, akajua, akaweka kikombe chini.

"Basi kesho nitakusaidia kuisukuma," alisema.

"Kwenda au kurudi?"

"Kwenda. Kurudi tutajua hukohuko."

Jumatatu asubuhi walifika, wakaiweka mashine kwenye kona yake. Dada Mkubwa mwenyewe aliuchomeka waya ili taa ya ndani iwake, akataka kukagua kila kitu kabla Kontrakta hajafika. Mumewe Mama Bisi akaenda kukaa nje, akasema mambo ya duka ni ya duka. Ndani, Mzee Bawaba alikuwa ameshavaa koti la stoo, kitambaa kimefungwa shingoni tayari. Hakusema mzaha hata mmoja, na duka lilionekana kubwa kupita kiasi.

Kontrakta aliingia na shavu lililovimba, akaweka kisanduku cha kiberiti kaunta, akasubiri. Mzee Bawaba akainuka. Akaanza kusema kwamba duka ni lake, boksi alilimwaga yeye, anaomba radhi mbele ya wote. Alikuwa hajamaliza Mama Bisi alipomshika mkono.

"Kaka, subiri kidogo."

Akafungua taulo, akaweka kile chuma kaunta, tundu tupu likiwaangalia wote. Akaomba kisanduku, akaitoa skrubu, akaiweka kwenye tundu. Ikaingia kwa vidole, mizunguko mitatu, ikakaza. Akaomba bisibisi, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Akaikaza mpaka mwisho. Kichwa chake kilikuwa sawasawa na vile vingine vitatu, hata ule weusi wa mafuta pembeni ulilingana.

"Mwenyewe ni mimi," alisema. "Wiki nzima ilikuwa inalia nikajidanganya ni punje. Kaka hana kosa. Kontrakta, baba, nisamehe. Jino lako nitalishughulikia mpaka upone, hata ikinichukua mwaka."

Kontrakta alikishika kile chuma, akakigeuzageuza kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine, akakirudisha. Kwa mdomo wake mzito wa uvimbe akasema amelala siku tatu akijiandaa kugombana, sasa amefika na hakuna wa kugombana naye. Akasema amemsamehe. Mzee Bawaba alikuwa amegeuka anatazama rafu ya rangi, akijifanya kuna kopo limekaa upande, huku akifuta macho kwa kile kitambaa cha shingoni.

Dada Mkubwa alisogea kaunta. Aliivuta kalenda, akavaa miwani, akalikata neno mwenyewe kwa mistari miwili, akaanza kuandika juu yake. Alikuwa anatamka polepole anavyoandika: yanayotoka ndani ya kioo ni juu ya Mama Bisi, yanayotoka nje ya kioo ni juu ya duka, na kila asubuhi kabla ya waya kuchomekwa, watu wawili wazikague skrubu zote, moja moja, mmoja wao awe wa duka.

Mama Bisi hakusikia hata moja. Alikuwa amekwenda kwenye kona yake. Aliinama akachomoa waya, taa ya mashine ikazimika, akaanza kuuzungusha waya kwenye kiwiko, vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayekunja nguo za safari. Akalikunja na zulia la mpira. Aliposhika mashine kuisukuma, akakuta haisogei. Dada Mkubwa alikuwa ameweka mguu mbele ya gurudumu.

"Unakwenda wapi?"

"Si ulisema itoke, dada."

"Nilisema mgeni atoke," Dada Mkubwa alisema. "Wewe umesimama mbele ya watu ukasema mwenyewe ni mimi. Sasa mwenyewe akitoka kwake, aende wapi?"

Akauchukua waya kutoka mkononi kwake akaenda kuuchomeka. Mama Bisi akakaa juu ya mifuko ya saruji iliyokuwa imepangwa mlangoni, akalia kwa sauti bila kuona haya, huku anacheka, huku anafuta pua kwa taulo lenye mafuta. Mzee Bawaba alivua lile koti la stoo, akalitupa nyuma ya kaunta. Dada Mkubwa, ambaye machozi ya watu yalikuwa yanampa tabu, alimwambia ainuke basi, mifuko hiyo imeshalipiwa, ni ya Kontrakta, inasubiri lori.

"Mwache akae," alisema Kontrakta.